Je, Kompyuta Hiyo Itauweza Mchezo Anaoutaka Mtoto?

Bonasi ya majani chai inapolipwa, kila mtu nyumbani huwa na mipango yake. Baba anawazia karo, mama anawazia mabati ya jikoni, naye kifungua mimba aliye chuoni anasema masomo hayaendi bila kompyuta. Mnakubaliana. Mnapanda matatu Kebirigo, mnapita Nyamira na kushuka mjini Kisii kutafuta laptopu iliyokwisha kutumika, maana mpya ni ghali. Mkiwa dukani, kitinda mimba anauliza swali lililomleta: "Baba, hii itacheza Myst?"

Usimkemee, msomaji. Swali lake ni zuri, na muuzaji akisema "itacheza bila shida" bado hajalijibu.

Myst ni mchezo wa kuzunguka kisiwani ukifumbua mafumbo. Hauna bunduki wala mbio za magari. Ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, waliutoa mwaka wa 1993, na sehemu kubwa ya toleo hilo ilikuwa picha zilizosimama tuli, ambazo hata kompyuta dhaifu za siku hizo ziliziweza. Toleo la mwaka wa 2021 lina jina lilo hilo, lakini kisiwa huchorwa upya na mashine kila unapogeuka. Kwa hiyo upole wa mchezo usikudanganye. Mchezo mpole waweza kuwa mzito.

Utajuaje basi? Kabla ya kuondoka nyumbani, mtoto anakili kwenye karatasi mahitaji ya toleo analolitaka: aina ya Windows, prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha na nafasi kwenye diski. Dukani, omba kompyuta iwashwe. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Huhitaji intaneti. Ukurasa wa kwanza utakuonyesha aina ya Windows, kama ni ya biti 32 au 64, pamoja na prosesa na kumbukumbu. Ukurasa wa Display utakutajia kadi ya picha. Linganisha na karatasi yako.

Kwenye kadi ya picha ndipo wengi huumia. Laptopu nyingi zilizotoka maofisini hazina kadi ya peke yake. Iliyomo imeunganishwa na prosesa na huazima kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Kumbukumbu na diski, mara nyingi fundi anaweza kukuongezea baadaye. Kadi ya picha ya laptopu, kwa kawaida, haibadilishwi. Ya mezani ina nafuu hapo.

Tazama pia hiyo Windows. Steam, duka la michezo la kwenye intaneti, liliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024, na Microsoft ikakomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Steam hurudisha pesa za mchezo ukiomba kabla ya siku 14 kupita, nawe hujaucheza saa mbili. Kwa laptopu, omba masharti ya kurudisha yaandikwe kwenye risiti kabla hujalipa.

Na je, ikiwa inafaa kwa masomo lakini Myst ya 2021 imeishinda? Ichukue. Toleo la zamani la picha tuli bado linauzwa, na kisiwa ni kile kile.