Je, Wajua? Dishi Kuukuu la Futi Nane Halijamaliza Kazi

Juu ya ghorofa za zamani za Kariakoo, Kisutu na Upanga bado yamesimama madishi makubwa ya futi sita, futi nane, hata kumi. Mengi yalifungwa miaka ya tisini, yakatumika, kisha yakasahauliwa pale pale. Kebo zimekatwa, LNB (vile vipokezi vinavyokaa mbele ya dishi) zimeng'olewa, ndege wamejenga. Nyumba inapobomolewa kupisha jengo jipya, dishi hushushwa pamoja na mabati na nondo, hupakiwa kwenye guta na kwenda kupimwa kwa kilo. Ukurasa wa leo ni wa wale wanaolisimamisha guta hilo na kuuliza bei.

Je, wajua kwamba dishi ndiyo sehemu isiyopitwa na wakati?

Risiva ya mwaka 1995 leo haina kazi. Matangazo yalihama kutoka analojia kwenda dijitali, kisha dijitali yenyewe ikabadili namna ya kubana picha. LNB nazo zimeboreshwa mara nyingi. Dishi lenyewe ni kioo cha kuakisi mawimbi ya redio, na kioo hakiulizi wimbi limebeba picha yenye chenga au picha angavu ya siku hizi. Mgongo wake ukiwa bado umenyooka, ukiweka LNB mpya na risiva mpya, linafanya kazi kama siku lilipotoka dukani. Dishi la futi nane, yaani mita 2.4, likipokea masafa ya gigahezi 4 huikuza ishara takriban mara 6,000 kulinganisha na antena inayosikiliza pande zote sawasawa, na kwa kazi hiyo halili umeme hata kidogo.

Yalikuja lini, na kwa nini yalikuwa makubwa vile?

Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya kwanza vya binafsi vilipoanza, ITV na DTV vikiwemo. Aliyetaka zaidi ya hivyo ilimbidi aangalie juu. Satelaiti nyingi za wakati huo zilitumia masafa ya C, kati ya gigahezi 3.4 na 4.2, na zilitandaza nguvu ndogo juu ya bara zima na bahari yake. Ishara ikifika chini imekuwa hafifu mno, na dawa yake ilikuwa moja: eneo kubwa la kuikusanya. Baadaye yakaja masafa ya Ku yenye miale iliyolengwa nchi chache tu, na dishi likapungua hadi sentimita 60 au 90. Ndiyo madishi ya DStv, na ya Azam tangu 2013. Wenye vibanda umiza na wapenda chaneli za bure ndio waliobaki na makubwa.

Je, wajua kwamba anga la Dar es Salaam ni bahati kwa mwenye dishi?

Jambo hili lingepaswa kufahamika zaidi. Satelaiti za televisheni zimepangwa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, mahali ambapo kuzunguka kwake kunakwenda sawa na kuzunguka kwa dunia. Arthur C. Clarke alilieleza wazo la kuzitumia kwa mawasiliano mwaka 1945, kabla hakijarushwa chochote. Dar iko nyuzi 6.8 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mstari wote wa satelaiti unapita karibu na utosi wetu, ukiegemea kaskazini kidogo. Mtu wa London hata akitafuta satelaiti iliyo moja kwa moja mbele yake haioni ikipanda zaidi ya nyuzi 31 hivi kutoka upeo wa macho. Fundi dishi wa Mtaa wa Congo anayetafuta nyuzi 36 mashariki, ilipo Eutelsat ya DStv, analenga nyuzi 81 juu. Akitaka nyuzi 64 mashariki, eneo la Bahari ya Hindi ambalo Intelsat imelitumia kwa miongo mingi, analenga nyuzi 60.

Hilo lina faida kubwa kwenye mitaa iliyobanana. Jengo linalokuzidi mita 20 likisimama mita tano tu kutoka kwenye dishi lako bado haliizibi ile ya nyuzi 36. Kwa ile ya nyuzi 64 unahitaji nafasi ya mita 12 hivi. Hata ua wa nyumba ya Kiswahili uliozungukwa na maghorofa bado unaziona satelaiti zilizo karibu na utosi.

Lina adha yake pia. Dishi kubwa lenye LNB katikati huelekea hasa kule linakoangalia, kwa hiyo lile la bati linalolenga nyuzi 81 linakaa kama karai. Lisipotobolewa tundu la kutolea maji chini kabisa, masika hulijaza, na mbu hawachelewi. Ukikuta dishi la aina hiyo limetobolewa katikati, usilikatae. Aliyelitoboa alikuwa anajua anachofanya. (Pale pale Kariakoo lipo paa lililotengenezwa makusudi lipokee mvua: miavuli ya zege iliyopinduliwa ya soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli, soko lililofunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021.)

Je, wajua kwa nini dishi la wavu halivuji ishara?

Wimbi la gigahezi 4 lina urefu wa sentimita 7.5. Tundu likiwa dogo kuliko sehemu ya kumi ya urefu huo, yaani milimita 7 hivi, wimbi haliwezi kupenya. Linauona wavu kama ukuta. Kwa masafa ya Ku, ambayo wimbi lake lina sentimita 2.5, tundu lisizidi milimita mbili na nusu. Kwa hiyo wavu wa matundu mapana ni mzuri kwa C na haufai kwa Ku. Urefu huo huo wa wimbi ndio unaoeleza kwa nini mvua kubwa ya Aprili inapoipoteza picha ya dishi dogo, dishi kubwa la jirani linaendelea: matone ya mvua huyazuia mawimbi mafupi kuliko marefu.

Wavu una wema mwingine, nao ni kupitisha upepo. Dishi zima la bati la futi nane likikabiliwa na upepo wa kilomita 72 kwa saa linasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140. Nguzo iliyochomelewa ovyo haihimili hilo miaka mingi.

Jinsi ya kulikagua kabla hujatoa pesa

Nenda na sumaku, nyuzi mbili na futi kamba. Sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu inatosha. Ikinata, ni chuma. Isiponata, ni aluminiamu, na kwa mji wa bahari kama huu aluminiamu ndiyo ya kuchukua, maana hewa ya chumvi inakula chuma kuanzia kwenye maungio.

Kisha funga uzi kutoka ukingo hadi ukingo ukipita katikati, na wa pili uukate wa kwanza kwa pembe mraba. Nyuzi zikigusana pale katikati bila kusukumana, dishi limenyooka. Zikiachana, ukingo umepinda. Rudia ukizizungusha kidogo, na ukumbuke kubadili uzi ulio juu, maana ulio juu unaweza kuficha kasoro. Kwa masafa ya C, kasoro ya milimita nne au tano inavumilika. Kwa Ku isizidi milimita moja na nusu. Bonyeo dogo la ngumi, ambalo wengi huliona wakaondoka, halina madhara makubwa. Kupinda kwa umbo zima ndiko kunakoliua dishi.

Mwisho tafuta fokasi, kwa sababu mara nyingi miguu ya LNB imeshapotea na hakuna anayekumbuka ilikuwa na urefu gani. Pima kipenyo, pima kina cha katikati kutoka kwenye uzi. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa kina mara 16. Dishi la sentimita 240 lenye kina cha sentimita 40 linakupa 57,600 gawanya kwa 640, sawa na sentimita 90. Hapo ndipo mdomo wa LNB unapokaa. Kwa hesabu hiyo moja, dishi lisilo na jina wala kitabu linapata maisha tena.

Kwenye mizani, mgongo hauna bei

Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, joto linalofikiwa kwa tanuri la mkaa lenye kipulizio. Mafundi wa kusubu huigeuza sufuria, na sufuria ni kitu cha maana katika kila nyumba. Hata hivyo naona uchungu dishi lililonyooka likikatwa vipande. Umbo lile lilitengenezwa kwa usahihi wa milimita chache katika upana wa mita mbili na nusu. Mwenye mizani hulipia kilo, na usahihi ule hauna uzito. Sufuria ingeweza kutoka kwenye kipande chochote cha dirisha bovu.

Je, wajua kwamba hata madishi ya mita 30 yaliachwa?

Mwaka 1970 kituo cha Longonot, Kenya, kilianza kupokea na kurusha mawasiliano ya satelaiti kwa niaba ya nchi tatu za Afrika Mashariki. Simu ya nje ya Dar ilipitia Bonde la Ufa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ilijijengea kituo chake Mwenge.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Mazungumzo na data vikahamia chini ya maji, na sehemu nyingi za Afrika madishi makuu yakabaki bila kazi. Ghana ilikuwa nalo moja la mita 32 pale Kuntunse, nje ya Accra, lililojengwa 1981. Badala ya kulikata, wahandisi wa Ghana na wa Afrika Kusini walilifufua, wakabadilisha mitambo yake, na mwaka 2017 likazinduliwa kama darubini ya redio. Lilelile lililopokea simu sasa linasikiliza nyota. Kenya nayo imo katika mpango wa kuyageuza madishi makuu ya Afrika kuwa darubini za aina hiyo, na kwangu hakuna habari ya uokoaji wa chuma inayotia moyo kuliko hii.

Je, wajua kwamba dishi la futi nane linaweza kuisikia galaksi?

Gesi ya haidrojeni iliyotapakaa angani hutoa wimbi dhaifu la megahezi 1,420, lenye urefu wa sentimita 21. Ewen na Purcell wa Harvard walilinasa mara ya kwanza mwaka 1951, kwa pembe ya mbao za plaiwudi iliyofunikwa shaba. Kabla yao Mmarekani Grote Reber alikuwa amejenga mwenyewe, mwaka 1937, dishi la mita 9.5 uani kwa mama yake huko Wheaton, Illinois, akachora ramani ya redio ya anga. Leo wapenzi wa kazi hii hutumia dishi kuukuu la wavu, kikuza ishara cha masafa hayo, na kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kwa kuwa wimbi ni refu, hata dishi lililoharibika kidogo linakubalika: kasoro ya zaidi ya sentimita moja haiharibu kitu.

Hapa tena anga letu linatupendelea. Kitovu cha galaksi hupita juu ya Dar nyuzi 68 kutoka upeo wa kusini. Kwa mtu wa London hakifiki nyuzi 10, kimezama kwenye kelele za mji. Vijana wa vyuo vyetu wana nafasi ambayo wenzao wa kaskazini wanaitamani.

Jua linapopita nyuma ya satelaiti

Mara mbili kwa mwaka jua, satelaiti na dishi lako hukaa kwenye mstari mmoja. Kwa Dar ni siku chache baada ya 20 Machi na siku chache kabla ya 23 Septemba. Dishi la nyuzi 64 mashariki hukumbwa na hali hiyo Machi mnamo saa nne na nusu asubuhi: picha inakatika kwa dakika kadhaa, kisha inarudi. Hakuna haja ya kumwita fundi. Angalia kivuli cha LNB badala yake. Kikianguka katikati kabisa, dishi lako limelengwa sawasawa.

Ndiyo sababu pia usilipake dishi rangi inayong'aa. Dishi la futi nane hupokea jua la mchana linalofikia kilowati nne hivi. Rangi iliyofifia huutawanya mwanga huo; rangi ya kumeremeta huukusanya kwenye LNB na kuiyeyusha. Wapo wanaobandika karatasi ya kuakisi makusudi ili wapikie, na chungu huchemka kweli, ila weka watoto mbali na usiangalie fokasi kwa macho matupu.

Unaposhusha dishi

Pata kwanza ruhusa ya mwenye jengo, kisha chagua asubuhi isiyo na upepo, na uwe na watu wawili wa kamba. Bolti zilizoshikana zimwagie mafuta ya taa usiku mmoja kabla. Weka alama kwenye kila kipande cha dishi kabla hujakitenganisha, kwa kuwa vipande huzoeana na jirani zake, na ukivichanganya nyuzi zako mbili zitaachana. Chukua na kitako chote cha nguzo. Na ukikuta nyuma kuna mkono wa mota uliokuwa ukilizungusha dishi kutoka satelaiti moja hadi nyingine, usiuache: mingi hutumia volti 36 za umeme wa moja kwa moja, ina nguvu ya kusukuma dishi zima dhidi ya upepo, na siku hizi wenye paneli za sola huutafuta ili paneli zao zilifuate jua.