Shilingi ya Karatasi

Ukifungua sanduku la bati la babu huko Kibugu, ukakuta kati ya risiti za kodi noti ya shilingi moja yenye sura ya Mfalme George wa Sita, usiitupe ukidhani ni bandia. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ina tarehe ya 1 Januari 1943, na ni zao la vita.

Kwa kawaida shilingi hiyo ilikuwa sarafu. Robo ya uzito wake ilikuwa fedha halisi. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, madini yakatakiwa kwingine, meli zikazamishwa baharini, na huku mishahara ya askari wa King's African Rifles (KAR) na manunuzi ya jeshi yakidai chenji zaidi. Baadhi ya sarafu zikaanza kupigwa Bombay na Pretoria. Ndiyo maana nyingine zina herufi ndogo I au SA. Pengo lililobaki likazibwa kwa karatasi.

Hiyo ilikuwa dharura yenye adabu, ukiilinganisha na ya vita vilivyotangulia. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari za Uingereza zilipofunga pwani ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, benki yao ilianza mwaka 1915 kutoa noti za muda. Mwaka uliofuata karakana ya reli ya Tabora ikapiga sarafu za heller za shaba, na hata za rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Kufikia 1917 jeshi liko mafichoni, noti zinagongwa kwa mihuri ya mpira juu ya karatasi duni.

Karatasi zote mbili hazikuwa na thamani ndani yake. Tofauti ilikuwa nani amebaki kuzilipa. Mjerumani aliposhindwa, noti zake zilikosa mpokeaji dukani. Bodi ya Sarafu ilikuwa na akiba London, na shilingi yake ikaendelea kupokelewa sokoni kama ile ya chuma.

Kwa hiyo ukiipata noti hiyo ya 1943, usiipige pasi wala kuibandika tepu, maana ukarabati wa nyumbani huishusha bei. Iweke kwenye bahasha kavu, kisha uwaoneshe wataalamu wa Makumbusho ya Taifa kabla hujamuuzia mtu barabarani.