Fahamu Mashindano ya Tenisi ya Wavulana Wawili Wawili na Njia ya Kijana wa Bendera Kuyafikia

SAME, Kilimanjaro

Kila mwaka, mashindano makubwa manne ya tenisi duniani, yanayojulikana kwa pamoja kama Grand Slam, hutenga sehemu maalumu kwa ajili ya vijana wenye umri usiozidi miaka 18. Mashindano hayo ni yale ya Australia yanayofanyika Melbourne, ya Ufaransa mjini Paris, ya Wimbledon jijini London na ya Marekani jijini New York. Miongoni mwa mataji yanayogombewa na vijana hao ni lile la wavulana wanaocheza wawili wawili, ambalo Wimbledon ilianza kulishindania mwaka 1982.

Kwa wakazi wa Bendera na maeneo mengine ya Wilaya ya Same, chini ya safu ya Milima ya Pare, viwanja hivyo vinaweza kuonekana kuwa mbali mno. Hata hivyo, kumbukumbu za miaka ya karibuni zinaonesha kuwa mchezo wa wawili wawili umekuwa mlango kwa vijana wanaotoka katika nchi zisizo na historia ndefu ya tenisi.

Namna mchezo unavyochezwa

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Mchezaji mmoja anapocheza dhidi ya mwenzake, upana unaotumika ni mita 8.23. Wanapocheza wawili kila upande, upana huongezeka hadi mita 10.97 kwa kujumuisha ukanda wa mita 1.37 ulio kila pembeni. Wavu huwa na kimo cha sentimita 91.4 katikati ya uwanja.

Katika Grand Slam za vijana, jozi inayoshinda seti mbili ndiyo inayosonga mbele. Iwapo kila upande umeshinda seti moja, seti ya tatu haichezwi kikamilifu. Badala yake huchezwa gemu ndefu ya kuamua mshindi, ambapo jozi ya kwanza kufikisha pointi 10 ikiwa mbele kwa pointi mbili ndiyo hushinda. Utaratibu huo hufanya makosa mawili au matatu kuamua mchezo mzima, hivyo utulivu na maelewano kati ya wenza wawili huwa na uzito sawa na nguvu ya kupiga mpira.

Mifano ya kuzingatiwa

Mwaka 1998, Roger Federer wa Uswisi na Olivier Rochus wa Ubelgiji walitwaa taji la wavulana wawili wawili Wimbledon. Mwaka 2015 taji hilo lilichukuliwa na Lý Hoàng Nam wa Vietnam akishirikiana na Sumit Nagal wa India, baada ya kushinda fainali kwa seti 7-6 na 6-4. Lý alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka Vietnam kutwaa taji la Grand Slam.

Kwa upande wa wasichana, mfano uko jirani. Mwezi Julai mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda taji la wasichana wawili wawili Wimbledon. Walipoteza seti ya kwanza kwa 3-6, wakashinda ya pili kwa 6-4, kisha wakashinda gemu ya kuamua kwa pointi 11-9 dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Lilikuwa taji la kwanza la Grand Slam kwa Kenya. Mboko, aliyeshindwa siku hiyo, alitwaa ubingwa wa mashindano ya wanawake ya Kanada mwaka 2025, jambo linaloonesha uzito wa ushindani katika ngazi ya vijana.

Katika mifano yote hiyo, wenza walitoka katika mataifa mawili tofauti. Kanuni haziwalazimishi wachezaji wa jozi moja kuwa raia wa nchi moja. Hivyo, nchi yenye kijana mmoja tu aliyefikia kiwango hicho bado inaweza kuwa na bingwa.

Umri na viwango

Mashindano ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) humpokea mchezaji kuanzia anapotimiza miaka 13 hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18. Aidha, idadi ya mashindano kwa wenye umri mdogo huwekewa ukomo ili kulinda afya na masomo yao.

Mashindano hayo hupangwa kwa madaraja. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja katika daraja la J30 hupata alama 30, ilhali bingwa wa Grand Slam hupata alama 1,000. Kiwango cha mchezaji hukokotolewa kwa kujumlisha matokeo yake sita bora ya mchezaji mmoja mmoja pamoja na robo ya alama za matokeo sita bora ya wawili wawili. Jozi huingizwa katika Grand Slam kwa kuangalia viwango vya wenza wote wawili. Kwa hiyo, anayetaka kucheza wawili wawili hana budi kujijenga pia katika mchezo wa mmoja mmoja.

Hatua za kuanzia

Kijana wa Bendera anayemaliza elimu ya msingi akiwa na miaka 13 anakuwa amefikia umri wa kuanza, na muda wake hauzidi miaka sita. Anayeshika raketi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 16 hubakiwa na miaka miwili hivi ya kukusanya alama, muda ambao ni mfupi mno.

Mafunzo ya awali hayahitaji uwanja kamili. Ukuta imara, eneo tambarare, raketi ndogo na mipira laini vinatosha kumfundisha mtoto kulenga, kupokea na kusogea kwa wakati. Mazoezi ya wawili wawili pia yanawawezesha watoto wanne kutumia uwanja mmoja kwa pamoja, jambo lenye manufaa kwa shule zenye wanafunzi wengi na vifaa vichache.

Kwa upande wa taratibu, walimu na wazazi wanaweza kuanzia kwa Afisa Michezo wa Halmashauri ya Wilaya ya Same. Mchezo huo husimamiwa kitaifa na Chama cha Tenisi Tanzania, na vyama vya michezo nchini viko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Sambamba na hilo, ni vyema mzazi akahakikisha mapema kuwa mtoto ana cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, kwa kuwa umri ndio msingi wa ushiriki. Cheti hicho pia huhitajika katika maombi ya pasipoti kutoka Idara ya Uhamiaji, ambayo bila hiyo kijana hawezi kusafiri kushindana nje ya nchi hata akiwa na kiwango kinachotakiwa.