Nusu ya nishati imekwenda wapi?

Chukua kapasita mbili zinazolingana, kila moja mikrofaradi 100. Ichaji ya kwanza kwa volti 12, kisha iondoe kwenye betri. Ya pili iache tupu. Sasa ziunganishe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukipima utakuta volti 6.

Chaji ya mikrokulombu 1,200 imegawanyika, 600 huku na 600 kule, wala haikupungua. Wanafunzi wengi huweka kalamu chini wakifika hapa, nami huona wamenyimwa uhondo wenyewe. Hebu wakokotoe na nishati: nusu ya kapasitansi, mara volti, mara volti tena. Mwanzoni zilikuwa milijuli 7.2. Sasa kila kapasita ina 1.8, jumla 3.6. Nusu nzima haipo!

Imeishia njiani. Mkondo ulipokuwa ukihama ulipasha waya joto, cheche ya swichi ikachukua chake, na kiasi kidogo kikatoka kama mawimbi ya redio. Ukidhani waya mnene utaokoa kitu, hautaokoa. Ukinzani ukipungua, mkondo huwa mkali zaidi na huisha upesi zaidi. Ukiongezeka, mkondo hupoa na kuchukua muda. Hasara ni ile ile. Kinachobadilika ni kasi yake tu.

Kwa fundi, kasi hiyo ni suala la usalama. Tuseme kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye pawasaplai imevimba, naye anafunga mbili za 220 sambamba. Anapata 440, na kwa kawaida inatosha. Lakini kila moja itabeba volti zote: umeme wa 230 ukishanyooshwa hufika karibu 325, kwa hiyo zote mbili ziwe za volti 400. Akichanganya na ya 250, hiyo itapasuka.

Zikijaa, hizo mbili hushika takriban juli 23, za kumdhuru mtu vibaya hata plagi ikiwa imechomolewa. Ukizishoti kwa bisibisi, nishati yote hutoka kwa mpigo mmoja na kuyeyusha chuma. Tafadhali, fundi, tumia rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 yenye nyaya zilizofunikwa, subiri nusu dakika, kisha pima kwa mita kabla hujagusa.