Lektini, Sumu ya Kipindupindu na Neno “Sukari”

Neno lektini lilitungwa mwaka 1954 na Boyd na Shapleigh huko Marekani, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchagua. Jina hilo lastahili, kwa kuwa protini hizi huchagua sukari fulani na kushikamana nayo.

Mfano ulio karibu nasi ni kipindupindu, maradhi ya kuogopwa na kila anywaye maji ya Ziwa Nyasa bila kuyachemsha, Liuli au Mbamba Bay. Sumu ya kijidudu chake ina sehemu 6. Tano, zilizopangwa kama pete, hushika vishada vya sukari vilivyo juu ya utando wa seli za utumbo. Ya sita huingia ndani, ikaichochea seli imwage chumvi pasipo kikomo, na maji huifuata. Mgonjwa aweza kufa kwa saa chache.

Hapo ndipo lugha idaipo uangalifu. Mwalimu wa afya akisema huko Ukata kwamba “sumu hushika sukari”, msikilizaji aweza kudhani sukari ndiyo iletayo maradhi, akakataa dawa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kumbe sukari hiyo hupita mlango mwingine, ambao sumu haikuufunga, ikivuta chumvi na maji kurudi mwilini. Basi yafaa ile ya utandoni iitwe “sukari-pokezi”, na ya kikombeni ibaki sukari tu.