Mkono Unapolegea Ghafula

Mtu aliyeamka mzima analegea mkono ghafula, mdomo unakwenda upande, maneno hayatoki. Katika vijiji vyetu, tangu Mwese hata Karema, jamaa huanza kuulizana: nani amemroga? Basi siku mbili tatu zinapotea. Hicho ni kiharusi, na ubongo haungoji siku mbili.

Sikilizeni yanayotendeka kichwani. Mshipa wa damu umeziba, au umepasuka. Chembe za ubongo hazina akiba ya chakula; pale damu ilipokatika kabisa hufa kwa dakika chache. Lakini kandokando upo ukanda wa chembe zilizonyamaza tu, maana bado zapata damu kidogo kutoka mishipa jirani. Hizo ndizo tunazogombania. Chembe zinazokufa humwaga kemikali iitwayo glutameti, ambayo siku zote ni mjumbe mwema kati ya chembe na chembe. Ikizidi, huzichochea jirani kupita kiasi, kalsiamu huingia ndani kwa wingi, na chembe huanza kujila yenyewe. Nyingine hupokea amri ya kujibomoa polepole, kwa saa nyingi hata siku kadhaa. Na papo hapo zipo ishara nyingine zinazoziambia zivumilie. Mabingwa wamejaribu dawa nyingi za kunyamazisha ile amri ya kufa. Kwa panya zilifaa. Kwa watu karibu zote zimeshindwa. Kinachookoa ni kurudisha damu upesi. Mwaka 2006 Daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, chembe 1,900,000 hupotea kila dakika.

Wala si maradhi ya Wazungu. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam, hesabu ikiisha kulinganishwa kwa umri.

Basi mwambieni mgonjwa acheke, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake. Kimoja kikikataa, tazameni saa, mpelekeni hospitali. Padri na aitwe, ndiyo. Lakini gari liitwe kwanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya kupigwa picha ya kichwa, na si kila hospitali inayo. Nendeni hata hivyo: watapima presha na sukari, watazuia homa ya mapafu. Njiani mlazeni ubavu. Msimnyweshe uji wala maji, huenda koo limepooza. Msimpe aspirini, huenda mshipa umepasuka. Na chale za wembe hazifiki ubongoni.

Akirudi nyumbani, mnyosheni na kumzoeza mkono ule kila siku. Chembe zilizobaki huweza kujifunza kazi ya zilizokufa.