Joto, kahawa chungu na pilipili: Mjadala wa barazani Mbagala

Kuanzia Disemba hadi Machi ukikaa katika baraza lolote la Mbagala baada ya swala ya Alasiri, mazungumzo hayaendi mbali kabla ya kufika kwenye joto. Hakuna aliyelala vizuri. Feni inapuliza hewa ya moto, umeme nao ukikatika ndiyo basi tena.

Februari nilikaa katika baraza moja, muuza kahawa akiwa na birika lake na kashata, na jirani yake mama mmoja akikaanga mihogo. Mzee wetu mmoja alipokea kikombe cha tano tangu asubuhi, akasema, "Joto hutolewa kwa joto." Fundi seremala akampinga, "Ami yangu, kahawa inakukausha maji mwilini." Kijana wa bodaboda, jasho likimtiririka kwa mihogo na pilipili mbuzi, akasema yeye pilipili ndiyo feni yake. Tukacheka.

Kila mmoja wao alikuwa na kipande cha ukweli.

Mzee kwanza. Kinywaji cha moto huufanya mwili utoe jasho zaidi, na jasho likikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Canada, walilipima jambo hili mwaka 2012 na wakaona ni kweli, ila kwa sharti moja: jasho lipate kukauka. Hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapokwama. Hewa ya Dar imejaa unyevu, jasho linadondoka chini badala ya kukauka. Kwa hiyo kahawa ya moto itamsaidia aliyekaa penye upepo. Aliyejifungia chumbani madirisha yakiwa yamefungwa anajiongezea adha tu.

Fundi naye hakukosea sana. Kahawa ina kafeini, na kafeini humfanya mtu aende haja ndogo zaidi kidogo. Lakini mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilichapisha matokeo ya wanaume 50 waliozoea kahawa, wakinywa vikombe vinne kwa siku, na hawakuonekana kukaukiwa maji kuliko walipokunywa maji matupu. Mnywaji wa kiasi asitishwe.

Tatizo ni yule ambaye kahawa imechukua nafasi ya maji. Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa, mzee wetu alisimama, akayumba, tukamdaka. Tulipomuuliza, kumbe tangu alfajiri hajanywa hata glasi moja ya maji. "Nikinywa maji nitakuwa nashinda chooni," alisema, na choo kiko nyuma ya nyumba, hatua nyingi kwa mtu mwenye magoti mabovu. Isitoshe anatumia vidonge vya presha, ambavyo baadhi yake huongeza mkojo. Na umri ukisogea, kiu hupungua hata pale mwili unapohitaji maji. Wazee wengi majumbani mwetu wako hivi na hawasemi. Wapewe maji mkononi, wasisubiriwe kuomba, isipokuwa wale wenye ugonjwa wa moyo au figo ambao daktari amewawekea kipimo.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kizunguzungu, kichwa kuuma, misuli kukaza na mkojo kuwa na rangi nzito. Mtu akianza kuzungumza ovyo huku mwili unawaka, hiyo ni hatari ya kupoteza maisha: mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na mkimbizwe hospitali. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe chochote.

Kafeini ina mambo yake mengine. Nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa tano, hivyo anayekunywa kahawa baada ya Isha asilaumu joto peke yake usingizi ukimpaa na Alfajiri ikampita. Wale wanaoumwa kichwa siku za mwanzo za Ramadhani, aghalabu ni mwili unaodai kahawa yake. Wapunguze kidogo kidogo wiki moja kabla. Kina mama wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wanashauriwa na Shirika la Afya Duniani wapunguze, na chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wa bodaboda wanavipenda mno, vyote vinahesabiwa. Chai au kahawa pamoja na chakula pia huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, jambo baya kwa mwenye upungufu wa damu. Ni bora isubiri saa moja baada ya kula.

Kuhusu pilipili, ule moto mdomoni si joto halisi. Kemikali yake iitwayo kapsaisini huamsha mishipa ileile ya fahamu inayohisi moto, ndipo mwili ukatoa jasho. Maji hayaiondoi kwa sababu haiyeyuki katika maji. Maziwa au mtindi ndiyo tiba. Vidonda vya tumbo navyo husingiziwa pilipili, wakati aghalabu vinatokana na bakteria aina ya Helicobacter pylori au kumeza ovyo dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Ila mwenye kidonda tayari, pilipili ikimchoma aiache. Na mama aliyetoka kukata pilipili asimguse mtoto machoni: apake mafuta ya kula mikononi, kisha aoshe kwa sabuni.

Lakini jambo lililonitia hofu zaidi siku ile lilikuwa chini ya miguu yetu, wala hakuna aliyelijadili. Muuza kahawa alikuwa na ndoo moja ndogo. Kila kikombe kilichotoka mdomoni mwa mtu kilichovywa humo, kikazungushwa, kikapewa mwingine. Kufika jioni maji yale yalikuwa na rangi ya kahawa. Kahawa yenyewe imechemka, lakini ukingo wa kikombe unaogusa mdomo haukuchemka. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni kisha kikasambaa mikoa mingi, na baada ya joto hili huja masika, visima na vyoo vikachanganyika maji. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao, watu wakanunua maji ya madumu wasiyojua yametoka wapi. Maji ya namna hiyo ndiyo yanayoingia katika ndoo ya kahawa.

Nilimwambia muuza kahawa, kwa upole, maana ni riziki yake. Akanijibu, "Kaka, sikatai. Ndoo yenye bomba ni hela, na nikienda kubadilisha maji mara kumi, nani atauza?"

Baraza likachanga palepale. Fundi seremala alijitolea kigoda cha kuwekea ndoo, ikanunuliwa ndoo ya plastiki yenye koki, sabuni, na vidonge vya kutibu maji kutoka duka la dawa. Sasa kikombe kinasuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yanayotiririka. Mzee wetu bado anakunywa vitano, ila kijana wa bodaboda amejipa kazi ya kumletea glasi ya maji kabla ya kila kikombe, na mjukuu wake amewekwa zamu ya kumshika mkono hadi chooni.